Binti Anaporudia Mtihani wa Kidato cha Nne



Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yatangazwapo, simu hulia nyumba hadi nyumba, kutoka Lamu hadi Likoni, na kutoka huko hadi kwa jamaa zetu waliohamia Nairobi. Pongezi huwa nyingi, na halua hukatwa. Juma hili twataka kuzungumza na nyumba ambazo simu hiyo haikuwa ya pongezi.

Mama mmoja, mwenyeji wa Mombasa akaaye Donholm, ametuletea swali. Binti yake alipata wastani wa C, naye moyo wake uko katika shahada ya ualimu. Ataka kurudia mtihani, lakini kila akishika kalamu viganja hutoka jasho, na usiku usingizi humpaa. Baba yake aona heri aingie chuo cha diploma. Na juu ya hayo, posa imebisha hodi. Mama auliza: tumwache arudie, na kama ni kurudia, hofu hii tuitibu vipi?

Kwanza twashauri nyumba ikae chini na karatasi ya matokeo, ipige hesabu kabla ya kupiga moyo konde. Tangu mtihani wa mwaka 2023, wastani hupatikana kwa kujumlisha alama za masomo saba: Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. A ni alama 12, na E ni alama 1. Anayetaka wastani wa C+, ambao ndio mlango wa shahada, ahitaji jumla ya alama 46 au zaidi. Binti huyu ana 42. Kiswahili alipata B-, na Elimu ya Dini ya Kiislamu B-. Kiingereza, Historia na Bayolojia C. Hisabati na Kemia D+. Basi pengo ni alama nne tu. Hisabati ikipanda kutoka D+ hadi C, hizo ni alama mbili. Kemia ikifika C-, ni moja. Bayolojia ikifika C+, ni moja. Nne zimetimia.

Tena atazame jambo hili: anayetaka kusomea ualimu wa sekondari hutakiwa kuwa na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Binti huyu tayari ana B- mbili katika Kiswahili na Dini. Kilichomzuia ni wastani, na wastani umevutwa chini na masomo mawili. Hofu hupenda kumwambia mtu kwamba ameanguka pote; hesabu humwonyesha alipoanguka hasa. Mtoto akishajua kwamba adui yake ni Hisabati na Kemia, nusu ya giza imeondoka.

Lakini insafu yataka tuseme na upande wa pili. Kwa wastani wa C milango ya diploma iko wazi, ikiwamo ya ualimu wa shule za msingi, na wako wengi walioanza na diploma wakafika shahada baadaye. Rai ya baba si ya kubezwa. Twaona kurudia kwafaa pale pengo linapokuwa dogo, masomo ya kuinuliwa yanapojulikana, na azma inapokuwa ya mtoto mwenyewe. Ikiwa ni mama atakaye cheo mbele ya majirani, au ni mtoto akimbiaye fedheha, mwaka huo utakuwa mrefu na matunda yake machache.

Mkiazimia, msikawie. Baraza la Mitihani la Kenya huandikisha watahiniwa kwa kawaida katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na mtihani hufanywa mwisho wa mwaka. Mtahiniwa wa kujitegemea hujilipia ada, basi fedha hiyo itengwe mapema. Anayetaka wastani mpya hana budi kufanya masomo saba yote, maana alama za zamani haziunganishwi na mpya. Aulize kama kituo atakachojiandikisha kina maabara, kwa kuwa Bayolojia na Kemia zina karatasi ya vitendo. Aulize pia vitabu teule vya fasihi: waliosoma Chozi la Heri na Kigogo miaka ya nyuma wamekuta Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha mahali pake. Na ijulikane kwamba kundi la mwisho la shule katika mfumo wa 8-4-4 ni la mwaka 2027. Mwenye kusema “nitarudia mwaka wowote” ajihadhari.

Sasa tuje nyumbani, maana hofu nyingi ya mtihani hupikwa jikoni kwetu wenyewe. Mtoto anayerudia hana shule ya kumficha. Yumo nyumbani mchana kutwa, na kila mwenye haja humwita yeye. Siku ya maji kutoka mferejini, yeye ndiye ajazaye mapipa. Mdogo akiugua, yeye ndiye abakiye naye. Wageni wakija kutoka Pwani, yeye ndiye asongaye na aandaaye. Jioni huambiwa, “Wewe si uko nyumbani tu, mbona husomi?” Mama, hapa pana dhulma isiyokusudiwa. Mpeni saa zake kama mngempa mfanyakazi wa ofisini: saa mbili hadi saa saba mchana, mathalani, asiitwe. Kazi za nyumba afanye baada ya hapo, na kaka zake wachukue sehemu yao. Ndoo ya maji haichagui mkono. Ikiwa nyumba ni ya vyumba viwili na redio ya jirani haizimwi, maktaba ya Buruburu si mbali na Donholm, na Kaloleni nako kuna maktaba. Aende huko na buku lake na chupa ya maji.

Na ndimi zetu tuzichunge. “Fulani mwenzako yuko chuo kikuu” ni maneno yasiyofundisha Hisabati. Badala ya kumuuliza, “Utapita safari hii?”, swali ambalo jawabu lake yuko nalo Mwenyezi Mungu peke yake, muulize, “Mwanangu, leo umefanya swali gani?” Hilo ana jawabu lake, naye atalitoa kwa furaha.

Amma hofu yenyewe, tusiiite udhaifu wa imani. Mwili uonapo hatari humwaga adrenalini; moyo huenda mbio, tumbo husokota, mikono hutetemeka. Ndivyo tulivyoumbwa, na hofu kiasi humwamsha mtu. Ikizidi, hukalia mahali pale akilini ambapo mtu hushikia hesabu na maneno, na ndipo mtoto asemapo, “Nilijua, lakini yote yalinitoka.” Nabii Musa, alayhis salaam, alipotumwa kwa Firauni, aliomba akunjuliwe kifua, arahisishiwe jambo lake na afunguliwe fundo la ulimi, dua hiyo imo katika Surat Twaha, aya ya 25 hadi ya 28. Ikiwa mtume aliomba hivyo, mtoto wetu asione haya kukiri kwamba aogopa.

Na baada ya dua ni kazi. Habari ya ngamia na kamba yake yajulikana na kila mwana wa madrasa. Tiba ya kwanza ya hofu ni kuzoea kile kinachoogopwa. Mtoto asome kwa kujiuliza, asisome kwa kukodolea macho daftari. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma kisha wakajijaribu walikumbuka zaidi baada ya juma moja kuliko waliosoma tena na tena, ingawa baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio walioonekana kushinda. Basi daftari lifungwe, aandike akumbukacho, kisha alifungue ajisahihishe. Na kila juma, siku ile ile na saa ile ile, afanye karatasi moja ya miaka iliyopita, saa ikiwa mezani na simu ikiwa kwa mama. Akifanya hivyo kwa miezi, siku ya mtihani itakuwa moja katika siku alizozizoea.

Aijue pia sura ya karatasi. Ile ya Hisabati huwa ya saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, yenye alama 50. Ya pili ina maswali manane, naye achague matano ya alama kumi kumi. Asomaye yote kwanza, akaanza na ayajuayo, hujipa utulivu wa mapema. Likimkwama swali, aandike hatua alizonazo asonge mbele, kwa kuwa hatua nazo zina alama.

Kwa yule ambaye hofu humzidi, ziko dawa mbili ndogo. Ya kwanza ni pumzi: avute taratibu kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita, mara tano au sita, hata moyo utulie. Ya pili ni kalamu: Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chicago waliandika mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vyema zaidi kuliko wenzao wenye hofu ambao hawakuandika. Aandike nyumbani baada ya alfajiri, kisha karatasi aichane. Lakini usingizi ukimpotea majuma kwa majuma, chakula kikamshinda, au akasema maneno ya kukata tamaa na maisha, hapo si jambo la pumzi. Mpelekeni kwa daktari au mshauri bila kungoja, wala msione aibu.

Siku ya mtihani yenyewe huandaliwa usiku wake. Kitambulisho, kalamu mbili, kikokotoo na nguo zenye sitara viwe tayari kabla ya isha, naye alale mapema. Kama siku zake za mwezi zaweza kuangukia hapo, mama amwekee mkobani vya kujistiri na dawa ya maumivu aliyoizoea. Asubuhi ale chakula chepesi, na atoke mapema, maana barabara ya Jogoo na ya Outer Ring hazimjui mtahiniwa. Karatasi ikishakusanywa asiijadili na wenzake. Ya jana imekwisha, ya kesho yangoja.

Imebaki posa. Hatusemi ndoa ni kikwazo cha elimu. Wako waliosoma wakiwa wake na mama. Twasema tu kwamba mwaka wa kurudia mtihani si mwaka wa kumwekea mtoto mizani mbili mkononi, akaambiwa kila usiku kwamba akifeli huku, kule kunamngoja. Kijana mwenye nia njema aweza kungoja hadi Disemba. Mwambieni hivyo kwa heshima, na jawabu lake litawafunza mengi juu yake. Naye binti aulizwe rai yake, kwani ni haki yake.

Wahenga wa Pwani walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi, hata hivyo, haketi akiililia koleo. Huitazama ilipovunjika, akaiunga papo hapo. Wasomaji wenye watoto wa hali hii wakae nao usiku huu, wahesabu pengo ni alama ngapi na zitatoka wapi, na kila mmoja nyumbani aseme atapunguza kazi gani mabegani mwa mtahiniwa.

Twamwomba Mola awakunjulie vifua watahiniwa wetu wote, na azijaze nyumba zao subira. Wabillahi tawfiq.