Sufuria na Beseni

Mama mpendwa, ukiulizwa kazi yako, mara nyingi unajibu, "Mimi niko nyumbani tu." Neno hilo "tu" latuuma hata sisi wauguzi, tunaoshinda tukibeba mabeseni ya wagonjwa.

Katika karne ya 17, huko Paris, Ufaransa, aliishi Ndugu Lawrence, askari wa zamani aliyeumia mguu vitani. Watawa Wakarmeli walimpokea, wakamweka jikoni. Kwa asili hakuipenda kazi ile, lakini aliifanya kwa miaka 15 hivi, akizungumza na Mungu katikati ya kelele za vyombo. Hakuwa padre wala msomi, ila watu walimwendea kutaka mashauri mpaka alipofariki mwaka 1691.

Yeye hakungoja kazi iishe ndipo asali. Nasi tujaribu. Tunapofua nepi, tumwombee mtoto aliyeivaa. Tunapoosha sahani, tuwashukuru kwa Mungu waliokula.

Lakini kuiheshimu kazi si kuibeba peke yetu. Tuwaite watoto, wa kike na wa kiume. Bwana wetu mwenyewe, aliye mwanamume, alishika beseni na kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu.