Kabla ya kupima kaboni Loliondo, ipimwe ardhi ya vijiji

Kaboni ya malisho ni ngumu kuhesabu kuliko ya msitu. Mti hupimwa unene wa shina, na ukikatwa pengo huonekana hata kwa setilaiti. Katika nyika za Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, sehemu kubwa ya kaboni imo chini, kwenye mizizi na udongo. Kuijua ni lazima bomba la chuma lizamishwe ardhini, kwa kawaida sentimita 30, udongo ukaushwe na kupimwa maabara, kisha wataalamu warudi palepale baada ya miaka kadhaa. Badiliko la mwaka mmoja ni dogo mno, hupotea ndani ya tofauti za shimo moja na jingine. Kwa hiyo wakadiriaji huegemea modeli, na modeli hutaka kujua mifugo inalishwa wapi, lini, na nyasi zinapumzika kwa muda gani. Hayo anayajua mfugaji anayehama na mvua na kutenga alalili, malisho ya akiba kwa ndama na mifugo dhaifu wakati wa kiangazi.

Ushahidi kwamba ulaji wa nyasi hubadili kaboni upo jirani kabisa. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe na nyumbu pamoja. Chanjo ya ng'ombe ilipoudhibiti ugonjwa huo, nyumbu wa Serengeti waliongezeka hadi kupita milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi ambazo zingeungua, moto ukapungua, miti ikaongezeka, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa Serengeti iliacha kuwa chanzo cha kaboni ikawa mfyonzaji. Siri ni mwendo: nyumbu hali pahali pamoja mwaka mzima.

Watu watasema ng'ombe wa Loliondo wamezidi na wanatoa methani. Methani ni kweli, na makadirio yanayoificha hayafai kuaminiwa. Wingi wa mifugo nao una kikomo chake. Lakini mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 kati ya 4,000 za pori tengefu la Loliondo zilitengwa kuwa hifadhi ya Pololeti, na mifugo ikafungiwa nje. Ukipunguza eneo la kuhamia, nyasi zilizobaki hukosa likizo, udongo hubaki wazi, na kaboni iliyokusanywa kwa miaka mingi hupotea. Kumtwisha mfugaji lawama za uharibifu huo bila kutaja mpaka ni kuhesabu nusu ya jambo.

Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wafanyabiashara wa kaboni tayari wanazifuata nyika za wafugaji wa kaskazini, na fedha zao vijiji vinazihitaji. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, kusini mwa Karatu, wameonyesha mfano: walipata hatimiliki ya kimila mwaka 2011, na mauzo ya kaboni ya misitu yao yamesimama juu ya haki hiyo. Loliondo ifuate mpangilio huohuo. Mikutano mikuu ya vijiji isisaini mkataba wowote wa kaboni kabla mipaka, hati na njia za mifugo hazijaandikwa, na serikali isiviharakishe vijiji.