Je, Masomo ya Watu ni Makapi?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yatokapo, kijana wa Mwera, wilayani Pangani, hupata hukumu mbili. Ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani, nayo huandikwa kwa tarakimu. Ya pili hutolewa barazani, dukani na kwenye kivuko cha Bweni, na haina rufaa. Aliyepangiwa Fizikia, Kemia na Baiolojia hupewa mkono wa heri. Aliyepangiwa Historia, Kiswahili na Kiingereza hupewa pole. Jamaa huulizana kama hapana njia ya kumbadilishia tahasusi, kana kwamba mtoto ameandikiwa maradhi. Hata walimu wengine, ambao iliwapasa kujua zaidi, husema kwamba masomo hayo ni kimbilio la walioshindwa hesabu.

Hukumu hii ni dhuluma, na ubaya wake huzidi kwa kuwa waitoao hudhani kwamba wanasema kwa niaba ya maendeleo.

Na itazamwe ardhi ya huko huko. Kusini ya mto Pangani, mahali paitwapo Kikogwe, ndipo mkonge ulipopandwa mara ya kwanza katika nchi hii mwaka 1893. Daktari Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyosalimika na kupandwa ilikuwa 62 tu. Kwa miche hiyo ulizaliwa utajiri uliojaza bandari ya Tanga magunzi ya nyuzi, hata mwaka 1964 mavuno yakafika tani zipatazo 230,000. Mwisho wa karne hiyo yalikuwa yameanguka mpaka kiasi cha tani 20,000. Mwanafunzi wa Baiolojia aweza kueleza kwa ufasaha jinsi mkonge unavyostahimili ukame. Lakini mkonge haukubadilika katika miaka hiyo. Jani lilikuwa lile lile, na mvua ya Pangani ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni soko, nyuzi za viwandani zilipoiondolea katani wanunuzi wake. Kilichobadilika ni umiliki na usimamizi, mashamba mengi yalipotaifishwa mwaka 1967. Aliyekatazwa kusoma Uchumi na Historia atasimama mbele ya shamba lililogeuka msitu, aseme labda udongo umechoka.

Na kabla ya kuanguka, nani aliyelima? Manamba walitolewa mbali, wakapewa kipande cha siku 30 ambazo mnyapara ndiye aliyezihesabu. Watoto na wajukuu wao wangali katika pwani hiyo. Nani ana haki juu ya shamba lililoachwa: mwenye hati, kijiji kilichozungukwa nalo, au mjukuu wa manamba asiye na kwao kwingine? Swali hilo haliwekwi chini ya darubini. Linataka mtu aliyezoea kusoma hati, kusikiliza wazee wanaopingana, na kupima neno la kila mmoja wao. Pangani ndipo upinzani wa Bushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani ulipowaka mwaka 1888, na ndipo aliponyongwa Desemba 15, 1889. Habari za vita hivyo Hemedi bin Abdallah el Buhriy alizitungia utenzi mrefu. Ni ajabu, basi, kwamba kijana wa pwani hiyo huambiwa Kiswahili ni somo jepesi kwa kuwa alizaliwa nalo. Alizaliwa na figo pia, wala hakuna asemaye kwamba Baiolojia ni nyepesi.

Wapo watakaojibu kwamba mataifa yaliyoendelea yameachana na mambo haya. Waende Moshi wakajionee. Huko ipo shule ya kimataifa, ambayo tangu mwaka 2019 imo katika jumuiya ya UWC, na wanafunzi wake hufanya diploma ya kimataifa ya IB, iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968. Diploma hiyo ina masomo sita, matatu kwa kawaida yakiwa ya kiwango cha juu na matatu ya kiwango cha chini kidogo. Anayetaka kuwa mhandisi au tabibu haruhusiwi kukimbia kundi la masomo ya watu na jamii: atachagua Historia, Jiografia, Uchumi, Falsafa, Saikolojia au jingine la namna hiyo, na atalitahiniwa. Huruhusiwa kuacha muziki au uchoraji. Kundi hili haachi. Juu ya hayo huandika insha ya utafiti ya maneno yasiyozidi 4,000, na husoma somo zima la kuuliza binadamu ajuaje anachodai kukijua.

Kwa hiyo mtoto ambaye wazazi wake huweza kulipa maelfu ya dola hulazimishwa kusoma kile kile ambacho mtoto wa Mwera huambiwa ni kupoteza wakati. Tahasusi za PCM na PCB hazina hata somo moja la watu. Mwezi Machi 2024 ilitangazwa kwamba tahasusi zimeongezwa kutoka 16 mpaka 65, na huo ni wema. Lakini milango 65 bado ni milango, na aliyeingia katika mmoja huusikia ukifungwa nyuma yake. Maarifa ya Jumla, ambayo kwa miaka mingi yalitajwa kuwa dawa ya upungufu huu, yalisomwa kwa kukariri wiki chache kabla ya mtihani. Kila aliyepita Kidato cha Sita anajua. Ama somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoletwa na mtaala wa 2023, litafaa ikiwa historia itabaki kuwa uchunguzi. Ikifanywa mtumishi wa maadili, itazaa vijana wanaojua majina ya mashujaa bila kujua kwa nini mashujaa hao walikosana.

Hoja ya ajira ni nzito zaidi. Ni kweli kwamba walimu wa Historia wengi wako mitaani, ilhali wa Fizikia hutafutwa kwa tochi. Ni kweli pia kwamba ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwaendea waliofaulu vyema sayansi. Nchi inahitaji waganga na wahandisi, wala hapana mwenye akili atakayebisha. Lakini katika shule nyingi za kata mtoto hakuchagua Historia hata kidogo. Hapakuwa na mwalimu wa Fizikia, na maabara ilikuwa chumba chenye meza. Umaskini wa shule ulimchagulia, kisha akachekwa kwa uchaguzi wake. Kumcheka hakuleti mwalimu wa Fizikia, na humharibia hata kile alichopewa, kwa sababu asomaye kwa aibu hukariri ili amalize.

Basi kila mwanafunzi wa PCM na apewe somo moja la watu lenye mtihani kamili, na kila wa HKL apewe hesabu ya kweli, hasa takwimu. Watasema ratiba haina nafasi. Diploma ile ya Moshi hufanywa kwa miaka miwili, sawa na Kidato cha Tano na cha Sita.