Siha ya Nyumbani: Homa ya Mafua na Dawa za Kichina



Homa ya mafua ni maradhi yanayodharauliwa na wengi, kwa kuwa huanza mfano wa mafua ya kawaida: koo kukauka, chafya na kikohozi. Mara homa hupanda, viungo vyote huuma, na mgonjwa hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Asili yake ni kijidudu kidogo mno kiitwacho virusi, ambacho wataalamu wa London walikipata kwa binadamu mwaka 1933. Mwaka 1918 maradhi haya yaliua mamilioni ya watu ulimwenguni, na mwaka 1957 yalizuka kusini ya China yakaenea dunia nzima.

Wachina wameyachunguza maradhi ya homa tangu zamani. Yapata miaka 1800 iliyopita, tabibu Zhang Zhongjing aliandika kitabu juu ya homa zitokanazo na baridi, na miongoni mwa dawa zake ni vijiti vya mdalasini pamoja na tangawizi. Mwaka 1798 tabibu Wu Jutong akaandika juu ya homa za joto. Kitabuni mwake imo dawa iitwayo Yin Qiao San, ambayo ndani yake mna maua ya jin yin hua, matunda ya lian qiao, nanaa na urukususu.

Je, dawa hizo zafaa? Mwaka 2009, ilipoenea homa ya H1N1, madaktari wa China walijaribu dawa hiyo, ikichanganywa na nyingine ya kale, katika utafiti wa wagonjwa 410. Wasiopewa dawa, homa yao iliondoka baada ya saa 26 hivi. Waliopewa dawa ya hospitali iitwayo oseltamiviri, saa 20. Na waliopewa mchanganyiko ule, saa 16. Habari hii ni njema, walakini yatupasa kuipima. Wagonjwa wale hawakuwa mahututi, walikuwa mikononi mwa madaktari, na kila mmoja alijua anakunywa nini.

Tena katika mchanganyiko ule umo mmea uitwao ma huang, ambao hufanya moyo upige mbio na hupandisha shinikizo la damu. Kwa hiyo mwenye maradhi ya moyo au shinikizo, na mja mzito, wasinunue dawa kama hizi kwa kusikia tu. Na sisi Waislamu yatupasa kuuliza pia kama chupani mna pombe au kitu cha mnyama asiye halali.

Nyumbani, Wachina humchemshia mgonjwa tangawizi kwa sukari ya miwa, mfano wa sukari guru yetu. Kinywaji hiki chatuliza koo na kumpa mgonjwa maji mwilini, lakini hakiui virusi. Asali nayo hupunguza kikohozi cha usiku, ila asipewe kamwe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja. Wala mtoto asipewe aspirini katika homa hii, kwani yaweza kumdhuru ini na ubongo. Ama dawa za kuua bakteria, hazina nguvu juu ya virusi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Apigaye chafya na afunike uso, kama alivyofanya Mtume (S.A.W.). Mikono ioshwe kwa sabuni, madirisha yafunguliwe, mgonjwa awe na kikombe chake, naye ana udhuru wa kuswali nyumbani. Chanjo nayo ipo, na hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hivi hubadilika.

Enyi wazazi, hatari iliyo kubwa ni kungoja. Mzee, mja mzito, mtoto mdogo na mwenye pumu wapelekwe kwa daktari mapema, kwani oseltamiviri hufaa zaidi ikianzwa katika siku mbili za mwanzo. Na mtu yeyote akipumua kwa shida, akiumwa na kifua, midomo ikigeuka rangi ya buluu, akipotewa na fahamu, akishindwa kunywa, au homa ikishuka kisha ikarudi kwa nguvu, basi apelekwe hospitali saa ile ile. Asiambiwe angoje birika la pili.

Mwenyezi Mungu atupe afya sote. Amin.