Mifuko ya pensheni ituonyeshe inavyopiga kura

Kila mwaka kampuni zilizoorodheshwa katika masoko ya hisa ya Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Kigali huita mkutano mkuu wa wanahisa. Hapo wakurugenzi huchaguliwa, mkaguzi wa hesabu huteuliwa, malipo ya wakubwa hujadiliwa na mgawo wa faida huidhinishwa. Miongoni mwa wanaoingia mkutanoni na kura nyingi ni mifuko ya hifadhi ya jamii. Kura hizo zimetokana na michango ya wafanyakazi na, siku hizi, ya wafanyabiashara wadogo. Ni wachangiaji wangapi wanaojua zilipigwa vipi?

Zamani suala hili lingemhusu mwenye barua ya ajira peke yake. Sasa sivyo. Kenya ilianzisha mpango wa Haba Haba mwaka 2019, ambao mwenye kibanda anaweza kuweka akiba kuanzia shilingi 25 kwa siku. Rwanda ilizindua Ejo Heza mwaka 2018 kwa ajili ya watu wasio na mshahara. Uganda ilibadilisha sheria ya NSSF mwaka 2022, ikafungua mlango kwa wanaochangia kwa hiari. NSSF ya Tanzania nayo inawasajili machinga, bodaboda na wakulima. Kwa hiyo pesa iliyopatikana kwa kuvusha maharage Mutukula au samaki wakavu Busia inaweza leo kuwa ndani ya mfuko wa pensheni.

Ikishaingia humo haikai sandukuni. Mfuko hununua hati fungani za serikali, majengo na hisa. NSSF ya Uganda, yenye mali ya zaidi ya shilingi za Uganda trilioni 20, ina hisa katika MTN Uganda, na imevuka mpaka hadi Safaricom na Equity za Nairobi na CRDB ya Tanzania. Mfuko wa watumishi wa umma wa Tanzania, PSSSF, ni mwanahisa mkubwa wa CRDB. Nchini Rwanda, RSSB ni mwanahisa mkubwa wa BK Group, wenye Benki ya Kigali. Mtaji wa pensheni umezizoea njia za Afrika Mashariki kuliko gunia la mahindi, ambalo Machi 2021 lilizuiwa kuingia Kenya kutoka Uganda na Tanzania.

Maana yake ni kwamba mfanyabiashara anayekatwa ada kila anapotuma pesa kwa simu anaweza kuwa, kupitia mfuko wake, mmoja wa wenye kampuni inayomkata. Anaumia akiwa mteja, anafaidika kidogo akiwa mweka akiba. Simwombi msimamizi wa mfuko apige kura ili ada zishuke. Kazi yake ya kwanza ni kuikuza akiba. Ninachodai ni kwamba mwenye hisa awe mwenye hisa kweli: aulize, akatae panapostahili kukatazwa, kisha atupe taarifa.

Tumeshaona gharama ya kutofanya hivyo. National Bank of Kenya ilikuwa na wanahisa wawili wakubwa: NSSF ya Kenya, iliyoshika karibu nusu ya hisa za kawaida, na Hazina ya serikali. Kwa pamoja walikuwa na kura za kutosha kumwondoa mkurugenzi yeyote. Hata hivyo, benki ilizama katika mikopo isiyolipika. Mwaka 2015 ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 1, na Machi 2016 mkuu wake pamoja na maofisa wengine wa juu wakapelekwa likizo ya lazima. Mwaka 2018 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikawachukulia hatua baadhi ya maofisa wa zamani kuhusu taarifa za fedha za benki hiyo. Mwaka 2019 KCB ikainunua kwa kubadilishana hisa: kumi za National kwa moja ya KCB. Baadaye KCB nayo ikaiuza kwa Access Bank ya Nigeria.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, na mwenye mali alikuwa na kura karibu nusu. Lakini mchangiaji wa kawaida hakuambiwa mfuko wake ulisema nini mkutanoni miaka yote ile mikopo ilipokuwa ikichacha. Je, uliuliza? Ulimkataa mkurugenzi yeyote? Alikuja kujua habari kupitia magazeti, mambo yakiwa yameharibika.

Kutoka hapo NSSF ya Kenya ikaongeza umiliki wake KCB, benki ambayo wengi wetu tunaitumia kutoka Kampala hadi Bujumbura na Juba. Kampuni yake ya Uganda ilikuwa miongoni mwa taasisi zilizotangazwa Machi 2025 kuwa zinatoa awamu ya kwanza ya mikopo ya bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Bomba hilo lina pande mbili. Limeleta kazi za usafirishaji, chakula na vifaa kwa wafanyabiashara wa njiani. Limeleta pia malalamiko ya fidia za ardhi na hofu kuhusu maji na misitu. Muuza mitumba wa Gikomba anayechangia Haba Haba ameunganishwa na bomba hilo kupitia mfuko, na kupitia benki. Ana haki ya kujua kama mfuko wake uliiuliza benki inapimaje hatari hizo. Uwekezaji wenye kuwajibika ndio huo: kuangalia faida ya mwaka huu pamoja na madeni, kesi na uharibifu vitakavyokula faida ya mwaka 2040, ambapo wewe ndiye utakuwa unadai pensheni.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema mawaziri wana mkono katika uteuzi wa wanaosimamia mifuko hii, hivyo ukiihimiza itumie kura zake kwa nguvu, umewapa wanasiasa fimbo ya kuzichapa kampuni na nafasi ya kuweka jamaa zao kwenye bodi. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini fimbo hiyo ipo tayari mikononi mwao, na inatumika gizani. Sera ya kura iliyoandikwa na kutangazwa mapema humfunga mikono anayetaka kupigia simu mfuko usiku wa kuamkia mkutano. Kura ikishachapishwa pamoja na sababu yake, upendeleo unaonekana.

Si jambo geni wala la anasa. Shirika la PIC la Afrika Kusini, linalosimamia pensheni za watumishi wa serikali, huchapisha kura zake kampuni kwa kampuni. Mfuko mkubwa wa Norway hutangaza utakavyopiga kura siku tano kabla ya mkutano. Hata hapa nyumbani, Kenya ilichapisha mwaka 2017 mwongozo unaowataka wawekezaji wakubwa kufuatilia kampuni walizowekeza na kupiga kura kwa kufikiri. Kasoro yake ni kuwa ni wa hiari.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, kila mfuko wa nchi za Jumuiya uwe na sera ya kura iliyoandikwa, na ipatikane kwa Kiswahili ili mchangiaji aielewe. Pili, ndani ya siku 30 baada ya kila mkutano mkuu, mfuko uchapishe ulivyopiga kura na kwa nini, hasa uliposema hapana. Tatu, mwakilishi wa mfuko anayekaa kwenye bodi ya kampuni atajwe kwa jina, na posho anazopokea zitangazwe.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, iliruhusu mitaji kuvuka mipaka. Haikuamuru taarifa zivuke pamoja nayo. Wabunge wetu wa EALA huko Arusha wanaweza kuanza kuziba pengo hilo, lakini hawataanza bila kusukumwa.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina mazoea ya kuwaita maofisa wa forodha na wa mapato kuja kujieleza. Safari ijayo viwaite pia maofisa wa mfuko wa pensheni, wale wanaokuja sokoni kuandikisha wanachama wapya. Wakishamaliza kueleza kiwango cha riba, waulizwe swali moja: kura yangu mwaka jana mliipigaje? Asiye na jibu aende alitafute, kisha arudi kuandikisha watu.