Mtoto wa chekechea aachwe acheze

Mzazi wa Afrika Mashariki akishalipa ada ya chekechea hutaka kuona daftari. Akikuta halina alama za vema, anampigia mwalimu simu. Mwalimu naye, kwa hofu ya kumpoteza mtoto aende shule ya jirani, anawaketisha watoto wa miaka minne tangu asubuhi wakinakili herufi. Hali hii nimeikuta Busia, pande zote mbili za mpaka, na hata Arusha yaliko makao makuu ya Jumuiya.

Mchezo tunauita kupoteza muda kwa sababu hatuutazami. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, aliugawa katika mafungu sita baada ya kuwachunguza watoto wadogo. Yupo anayezurura tu, yupo anayecheza peke yake, yupo anayewatazama wenzake. Wapo wanaokaa bega kwa bega, kila mmoja na kopo lake la mchanga. Wapo wanaoazimana vitu lakini kila mtu na lake. Na wapo wanaogawana kazi kwa lengo moja. Watafiti wa baadaye wamerekebisha jambo muhimu: hizi si ngazi. Mtoto huenda na kurudi, na anayecheza peke yake si lazima awe na kasoro.

Chukua mchezo wa baba na mama, ambao Kenya huitwa kalongolongo. Jani linakuwa noti, udongo unakuwa ugali. Mtoto anayekubali jani lisimame badala ya pesa anajiandaa kukubali kwamba alama iliyochorwa ubaoni inasimama badala ya sauti. Huko ndiko kusoma kunakoanzia, na hakuhitaji daftari. Anayekubali leo awe mgonjwa ili mwenzake awe daktari anajifunza pia kusubiri zamu, jambo ambalo baadhi ya wabunge wetu bado linawashinda.

Michezo yenyewe haijui mipaka. Kombolela ya Tanzania na brikicho ya Kenya zote ni za kujificha na kutafutana. Bao la Pwani ni ndugu wa omweso wa Uganda na igisoro ya Rwanda. Shule ndizo zinazotofautiana: Tanzania ina mwaka mmoja wa elimu ya awali, Kenya miwili, Rwanda mitatu. Familia ikihama, mtoto hupimwa kwa herufi anazozijua, wala hakuna anayeuliza kama anaweza kucheza na wenzake.

Nchi zote wanachama zimeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao ibara yake ya 31 inatambua haki ya kucheza. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza mtoto wa miaka mitatu au minne ajongee kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku. Kwenye dawati hazipatikani.

Mawaziri wa elimu wanaozungumzia kuoanisha mitaala wakubaliane mambo mawili: muda wa kucheza uandikwe kwenye ratiba, na chekechea isiyo na uwanja isisajiliwe. Vifaa si hoja. Tairi kuukuu, vizibo na kamba vinatosha. Ukaguzi uanze na zile shule za nyumba za kupanga, ambazo uwanja wake umegeuzwa maegesho ya basi la shule.