Bodi za afya za halmashauri: Kiti kinachoombwa kwa barua, si kwa kura

TANGAZO la kujaza nafasi za ujumbe katika bodi ya afya ya halmashauri hubandikwa kwenye ubao wa makao makuu ya wilaya, na pengine kwenye ofisi za kata. Halipigiwi ngoma, wala halina kofia na fulana. Mwananchi anayeitaka nafasi hiyo huandika barua ya maombi, hueleza elimu na makazi yake, kisha husubiri. Majina huchujwa na hatimaye hufikishwa mbele ya madiwani, ambao ndio wenye kauli ya mwisho.

Mgombea wa aina hiyo hana wapiga kura. Hakuna kijiji alichokiahidi jambo, na hakuna mkutano wa hadhara utakaomtaka aeleze amefanya nini. Waliompa kiti ni madiwani, yaani baraza lile lile ambalo mipango na matumizi yake ya afya anatakiwa kuyahoji kwa niaba ya wagonjwa.

Bodi hizo ni zao la mageuzi ya sekta ya afya yaliyoanza Tanzania miaka ya 1990, sambamba na sera ya kuboresha serikali za mitaa ya mwaka 1998. Kusudi lilikuwa jema. Baada ya serikali za mitaa kufutwa mwaka 1972 na kurejeshwa katika muongo uliofuata, ilionekana haitoshi kurudisha madaraka wilayani na kuyaacha mikononi mwa wataalamu peke yao. Mtumiaji wa huduma alitakiwa akae meza moja na watoa huduma binafsi, wawakilishi wa mashirika yasiyo ya kiserikali na mwenyekiti wa kamati ya halmashauri inayoshughulikia huduma za jamii.

Mezani hapo, hata hivyo, katibu ni Mganga Mkuu wa Wilaya. Timu yake ndiyo inayoandaa mpango kabambe wa afya wa halmashauri, na yeye ndiye anayetayarisha ajenda na kumbukumbu za kikao ambacho kazi yake ni kumsimamia. Mpango wenyewe ni kitabu kinene cha majedwali, kilichoandikwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyeishia darasa la saba, hata awe na akili nyingi kiasi gani, atauidhinisha kwa kusikiliza muhtasari wa mtu yule yule aliyeuandaa. Si ajabu, basi, kwamba kiti hiki humfaa zaidi mtumishi mstaafu anayeishi karibu na mji wa wilaya. Anaweza kusoma majedwali, na nauli haimsumbui. Lakini foleni ya zahanati iliyo mbali na barabara kuu ataisikia kwa kuhadithiwa tu.

Upo ushawishi mwingine ambao bodi imeupoteza pole pole, nao ni fedha. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupata sheria yake mwaka 2001, uliwekwa chini ya usimamizi wa bodi hizi. Kwa hiyo mjumbe alikuwa na la kuuliza: kaya ngapi zimechangia, na michango imenunua nini. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita ikichangia Sh30,000 kwa mwaka, uendeshaji wake ulipandishwa ngazi ya mkoa. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya. Fedha moja ikapanda, nyingine ikashuka, na bodi ikabaki katikati na mihuri yake.

Hatua ya kushusha fedha vituoni ilikuwa sahihi, na anayeibeza hajapata kungoja hundi ya wilaya huku chanjo zikikosa gesi ya jokofu. Matokeo yake ni kwamba kiti chenye uzito zaidi kijijini sasa kimo katika kamati ya usimamizi ya zahanati. Bohari ya Dawa inapokosa dawa fulani na kituo kikalazimika kununua kwa mshitiri, uamuzi hupita kwenye kamati hiyo. Wajumbe wake huijua bei, humjua mganga, na hukutana na wagonjwa kisimani.

Wanaotetea bodi wana hoja moja nzito: kamati ya zahanati haiwezi kuona wilaya nzima. Haiwezi kuuliza kwa nini gari la wagonjwa liko kata moja miaka yote, au kwa nini watumishi wapya huishia mjini. Maswali hayo yanahitaji mtu wa ngazi ya wilaya. Anachokosa mtu huyo ni muhtasari wa mpango kwa Kiswahili, posho isiyotegemea huruma ya mkurugenzi, na wajibu wa kurudi kwenye mikutano mikuu ya vijiji kueleza alichouliza na alichojibiwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeongeza uzito wa suala hili. Mwenye kadi akikosa dawa dirishani, atakayemwendea jioni hiyo ni mjumbe wa kamati anayeishi naye kitongoji kimoja. Mjumbe wa bodi huenda hata jina lake halijui.